Steshenari yangu ya Mwanga, Kigoma: niliyoyaona baada ya kuhamishia kompyuta tano Linux

Ndugu mleta uzi, umeuliza kama inafaa kuiondoa Windows na kuweka Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta, kwenye kompyuta sita za steshenari yako, kwa kuwa msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025 na mashine zako hazipokei Windows 11. Waliokutangulia kukujibu wamevutana. Mmoja amesema Linux ni ya wahandisi na watu wasio na fedha, na mwingine amesema kwamba anayetumia Windows hadi leo hajitambui. Mimi nina steshenari Mwanga, hapa Kigoma, yenye kompyuta saba, na tano kati ya hizo zinatumia Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, huu ukiwa mwaka wa nne. Nitakueleza yaliyonipata, nikianza na jambo ambalo wote wawili wamelipita kando.

Katika biashara zetu hizi, ubishi hauko kati ya programu huria, yaani ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa, na programu ya kulipia. Uko kati ya programu huria na nakala ya wizi. Tunanunua mashine za mitumba kutoka Dar es Salaam, zinatufikia zikiwa na Windows na Office ambazo fundi amezifungua kwa njia anazozijua yeye, na tangu siku hiyo tunahesabu kwamba tumepata bure. Kwa hiyo mtu akikwambia kuwa Linux haina faida kwa sababu hata Windows hailipiwi, hajalinganisha gharama za vitu viwili. Amelinganisha kitu kilichotolewa kwa hiari na kitu kilichochukuliwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu, lakini hata ukiiweka sheria kando, jiulize ni programu gani ya heri inayokutaka uzime kwanza kinga ya virusi ndipo ifanye kazi yake. Hivyo ndivyo zinavyotaka karibu zote hizo za kufungulia Windows.

Hapa niseme kidogo kuhusu maneno, kwa sababu Kiswahili kimetusaidia bila sisi kujua. Mwanaprogramu Mmarekani Richard Stallman alipotangaza mradi wake wa GNU, wa kutengeneza mfumo huria, mwaka 1983, alikuwa akidai uhuru wa mtumiaji kuichunguza programu, kuibadilisha na kumgawia jirani, wala hakuwa akipinga mtu kuuza. Kiingereza kina neno moja, "free", linalobeba uhuru na kutolipa kwa pamoja, na watu wake wamekuwa wakifafanuliana hadi leo. Sisi tuna huria, na tuna bure. Ukizishika tofauti, nusu ya ubishi wa uzi huu inaisha.

Kilichonihamisha mimi hata hivyo hakikuwa falsafa. Ilikuwa flashi. Mwenye steshenari yeyote anavifahamu virusi vya shotikati: mteja anachomeka flashi, anakuta folda zake zote zimekuwa alama zenye mshale mdogo, na machozi yanaanza kumlenga kwa sababu ripoti ya chuo imo humo. Virusi hivyo havifuti kitu. Vinazificha folda halisi, kisha vinaweka shotikati zenye majina yale yale, na ukibofya moja unaviamsha virusi vyenyewe kabla ya folda kufunguka, navyo vinahamia kwenye kompyuta na kusubiri flashi ya mteja anayefuata. Kwa maneno mengine, nilikuwa nawatoza wateja shilingi mia za kuprinti na kuwapa virusi kama zawadi. Siku moja kijana wa chuo aliyekuwa akifanya mazoezi dukani kwangu alichomeka flashi ya namna hiyo kwenye laptopu yake yenye Linux, na folda zote zikaonekana zilivyo, kwa sababu mfumo ule haukuijali alama ya kuficha iliyowekwa kwa ajili ya Windows, na zile shotikati kwake zilikuwa mafaili yasiyofanya lolote. Wiki ile ile nikabadilisha kompyuta ya kwanza, ile ya mapokezi, na tangu hapo kila flashi inapitia pale kabla ya kugusa mashine nyingine.

Kazi nyingi za steshenari za siku hizi hazijali hata unatumia mfumo gani. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, Ajira Portal, namba ya TIN, matokeo ya mitihani: yote hayo ni kivinjari, na Firefox ni ile ile kokote. Hapo usipoteze muda kuhofia.

Pa kuhofia ni kwenye Word. Nitasimulia kosa langu mwenyewe ili wewe usilirudie. Mwalimu mmoja alikuja na mtihani wa Hisabati akitokea kijiji cha pembezoni mwa ziwa, na boti ya kumrudisha ilikuwa ikiondoka Kibirizi alasiri. Nilifungua faili lake kwa LibreOffice, programu huria inayofanya kazi za Office, nikatazama ukurasa wa kwanza, nikaona uko sawa, nikatoa nakala mia na themanini. Mwalimu ndiye aliyegundua kwamba mchoro wa pembetatu umeliacha swali lake na kuhamia ukurasa wa pili, chini ya swali la takwimu. Alinitazama kwa upole akasema, "Mdogo wangu, sasa watoto watapima pembe za nini?" Nilirudia kazi yote kwa karatasi na tona yangu, boti ikaondoka, naye akalala mjini.

Sababu niliijua baadaye, nayo ni ndogo kuliko hasara yake. Faili liliandikwa kwa mwandiko (fonti) wa Cambria, ambao ni mali ya Microsoft na haumo ndani ya Linux. LibreOffice isipoupata huweka mwandiko mwingine, na herufi zikiwa pana kidogo mistari inaongezeka, na mistari ikiongezeka kila kilicho chini kinasukumwa. Ipo miandiko huria iliyotengenezwa kwa vipimo vile vile, Caladea badala ya Cambria na Carlito badala ya Calibri, na ningeiweka siku ya kwanza kama nilivyopaswa kufanya, mchoro ungebaki mahali pake. Hata hivyo si kila kitu kinatibika hivyo. Mafaili yenye visanduku vya maandishi vilivyopandana na hesabu ndefu bado yanaweza kukuaibisha, na ndiyo sababu siku hizi sitoi nakala zaidi ya moja kabla mteja hajaikagua kwa macho yake, na anayetoka mbali namwomba aje na PDF pia. (LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili na naitumia kila siku, ila haijui Kiha, kwa hiyo barua za wazee wangu wa Kasulu hujaa mistari myekundu chini ya kila jina.)

Sasa niwageukie watumiaji wa Linux wenyewe, kundi ambalo nami nimo. Ndugu mwingine katika uzi huu aliyesema kuwa Linux haina virusi amekupotosha. Mwezi Machi 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejiita Jia Tan, baada ya miaka ya kujenga uaminifu kwa watengenezaji, alikuwa amepenyeza mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux. Aliyeugundua ni mwanaprogramu Andres Freund, ambaye alishuku kwa sababu kuingia kwenye mashine iliyo mbali kwa njia ya SSH kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Washabiki hukitumia kisa hiki kuonyesha nguvu ya msimbo ulio wazi, na ni kweli kwamba uwazi ndio uliomwezesha kufukua hadi akaufikia mzizi. Wanachokiacha ni kwamba programu inayotegemewa na ulimwengu mzima ilikuwa mikononi mwa mtunzaji mmoja anayejitolea, aliyekuwa amechoka, na kwamba Freund mwenyewe ni mwajiriwa wa Microsoft. Kambi hizi mbili tunazozigombania hapa zimeshaingiliana sana. Hata simu ya Android uliyoshika unapousoma uzi huu inaendeshwa na kiini kile kile cha Linux alichokianza Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991.

Halafu kuna tabia. Printa yangu moja ya leza ilikataa kabisa kuelewana na Linux, kwa sababu mtengenezaji wake hakutoa programu ya kuiendesha upande huo. Niliuliza kwenye jukwaa moja la kigeni. Wa kwanza akaniambia nisome mwongozo, wa pili akaniambia ninunue printa nyingine, kana kwamba Kigoma mtu anabadilisha printa kama ndala. Nikiri pia kwamba kijana mmoja ambaye hadi leo sijamwona kwa macho alikesha nami usiku wa siku mbili kwenye WhatsApp akijaribu kuitibu, hakuniomba hata vocha, na hatukufaulu. Ukinunua leseni unapata kampuni inayowajibika kwako kwa kiasi fulani. Ukiingia huku unapata watu, na watu ni wa kila aina. Kabla ya kuhama, hakikisha kwanza unaye mmoja wa aina ya kijana yule ambaye yuko umbali wa kupigiwa simu. Na usinakili kila amri unayoikuta mtandaoni ukaibandika kwenye kompyuta yako bila kuielewa, hasa zile zinazodai neno la siri.

Kuhusu bando: nimeweka programu iitwayo apt-cacher-ng kwenye mashine moja, hivyo masasisho yanapakuliwa mara moja usiku na nyingine nne zinachukua kutoka hapo. Windows halali nayo inaweza kugawiana masasisho ndani ya mtandao wa ofisi, nisije nikaonekana namwonea mtu.

Kompyuta mbili nilizobakiza ni za Windows 11. Moja imeunganishwa na ile printa yenye kiburi. Nyingine ni ya binti anayetengeneza kadi za harusi na mabango, ambaye alijaribu Inkscape, programu huria ya kuchora, kwa mwezi mzima, akaniambia kwa adabu kwamba mikono yake imezoea CorelDRAW, programu ya kuchora ya kulipia, na wateja wake wanaleta mafaili ya CorelDRAW. Sikumlazimisha. Zote mbili zina leseni nilizolipia, na niliweza kuzilipia kwa sababu zilikuwa mbili na si saba. Programu huria ndiyo iliyonifanya nikawa mteja wa kweli wa programu za kibiashara, jambo ambalo miaka yote ya kutumia nakala za wizi halikuwahi kunipitia akilini.

Kwa hiyo, kwa kompyuta zako sita, usizibadilishe kwa siku moja. Chukua flashi, iweke Linux Mint ya Xfce, ile nyepesi kwa mashine za zamani, iwashe mashine kutokea kwenye flashi bila kufuta chochote, ujaribu printa zako zote. Ikiwa zinatoa karatasi, anza na kompyuta ya mapokezi. Ikiwa hazitoi, andika hapa aina ya printa kabla hujaendelea, nitakwambia kama ni ile ile iliyonishinda.