Uhusika ukikuganda, kamata mkataba

Vijana wanaoanza kuigiza huniuliza namna ya kupata jina. Waliokwisha kulipata huniuliza namna ya kulivua. Ukicheza mganga kwenye tamthilia inayorushwa jioni, saa ambayo nyumba nzima iko sebuleni ikisubiri ubwabwa uive, basi umekwisha: sokoni mganga, msibani mganga, benki dada wa dirishani anaanza kucheka hujatoa hata kitambulisho. Nayajua haya kwa sababu mganga mwenyewe ni mimi. Nimeivaa ile kaniki na zile shanga msimu baada ya msimu, na mpaka leo nina majirani Tandika ambao hawalijui jina nililopewa na wazazi wangu.

Jibu langu huwaudhi wengi. Nawaambia waache kuhangaika na jina, wahangaike na karatasi walizosaini. Na ninayemtolea mfano si mtu wa Bongo Movie. Ni Leonard Nimoy, Mmarekani aliyecheza Spock kwenye Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za angani, yule ofisa wa chombo cha angani mwenye masikio yaliyochongoka, nusu binadamu, nusu kiumbe wa sayari nyingine.

Nimoy alizaliwa Boston mwaka 1931. Wazazi wake walikuwa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ukraine, na baba yake alikuwa kinyozi. Nauli ya kwenda California kusaka filamu aliipata kwa kuuza mashine za kufyonza vumbi. Mwaka 1952 akapewa filamu nzima aibebe yeye, filamu ikapita kimya. Basi akawa mtu wa sini mbili tatu: leo jambazi, kesho Mhindi Mwekundu kwenye hadithi za makauboi. Akaendesha teksi Los Angeles. Siku moja mwaka 1956 abiria wake alikuwa seneta kijana, John F. Kennedy, na walipozungumza kuhusu kazi zao, Kennedy akamwambia kwamba wote wawili wako kwenye biashara yenye ushindani mwingi. Star Trek ilipoanza kuonyeshwa kwenye kituo cha televisheni cha NBC Septemba 1966, Nimoy alikuwa na miaka 35, na mwenyewe alikuwa akisema kwamba kabla ya hapo hakuwahi kupata kazi ya uigizaji iliyozidi wiki mbili. Nyie wa miaka 22 mnaoniandikia usiku wa manane kwamba mmechelewa, someni tena sentensi hiyo.

Sasa, kuganda kwa uhusika hakuji kwa bahati. Kunakuja kwa sababu umeujenga vizuri, na Nimoy alijenga kwa vitu vyake mwenyewe. Ile saluti ya Spock, ya vidole vilivyogawanyika katikati, aliitoa utotoni. Kwenye sinagogi, makuhani wanapobariki, waumini hawatakiwi kutazama. Yeye akachungulia, akaiona mikono, na miaka mingi baadaye akaipeleka mbele ya kamera. Skripti ilipotaka Spock ampige mtu kichwani kwa kitako cha silaha, akaona mtu mwenye akili za namna ile hapigani kihuni hivyo, akapendekeza amfinye begani tu, mtu aanguke. Utulivu wake aliuokota kwa Harry Belafonte, huyuhuyu aliyeimba Malaika na Miriam Makeba. Alimwona jukwaani akisimama bila kutikisika kwa muda mrefu, halafu akainua mkono mmoja taratibu, na ukumbi ukalipuka.

Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mjomba wangu, mnadi samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam. Mjomba hapigi kelele kama wenzake. Analaza changu mezani, anawageuzia wanunuzi tumbo la samaki walione, kisha ananyamaza na kuwatazama mmoja mmoja. Kabla hajataja bei, mtu ameshapandisha. Mganga wangu nilimpa ukimya huo. Dairekta alikuwa anataka mganga wa kufoka na kutetemeka, nikamwomba nimwonyeshe mara moja tu hivi ninavyoona mimi. Hatukurudi tena kwenye kufoka. Ukipewa uhusika, tafuta kwanza ndugu au jirani wa kumwazima kitu, maana skripti zetu mara nyingi hazina nyama.

Ukishajenga hivyo, watu wataamini. Kwenye daladala ya Mbagala, mama mmoja aliwahi kunisogelea akanong'ona kwamba mwanawe hashiki darasani, nimsaidie. Hakuwa anatania. Nikiwa mgeni kwenye kazi ningecheka, au ningemwambia mama, mimi ni muigizaji. Siku ile nilimuuliza mtoto anakaa dawati la mbele au la nyuma, na kama ameshapimwa macho.

Nimoy yalimkuta mazito zaidi. Mwaka 1968 binti mmoja wa Kimarekani, mama mweusi na baba mzungu, alimwandikia barua Spock kupitia jarida la vijana, siyo Nimoy, Spock. Alisema wote wawili ni watu wa damu mbili, na kwamba yeye hakubaliki kokote. Nimoy akamjibu kwa kirefu, akamweleza jinsi Spock mwenyewe alivyokataliwa na pande zote mbili, na kwamba kupendwa na kundi si kipimo cha thamani ya mtu. Hebu fikiria angemjibu kwamba Spock hayupo.

Wengi mnaposikia jina la Nimoy mnakumbuka kile kitabu chake cha mwaka 1975, chenye kichwa kinachosema yeye si Spock. Watu wakakasirika, wengi wao hata hawajakifungua. Ndani hakumkana Spock hata kidogo. Ilibidi mwaka 1995 aandike kingine, safari hii akisema yeye ndiye. Tangu hapo maisha yake yanasimuliwa kama ugomvi wa mtu na kivuli chake. Mimi nauona ugomvi huo ni mdogo sana. Ugomvi mkubwa ulikuwa wa hela.

Msimu wa kwanza alilipwa dola 1,250 kwa kila kipindi. Spock alipogeuka kipenzi cha watazamaji, akadai nyongeza. Studio ikaanza kutafuta nani anaweza kuvaa masikio yale badala yake, mwisho ikakubali, malipo yakafika dola 2,500. Star Trek ikasimamishwa mwaka 1969 baada ya vipindi 79, lakini ikaendelea kurudiwa dunia nzima, na sura ya Spock ikaendelea kuuza bidhaa. Hata bango la bia huko London lilimtumia Spock. Nimoy akaidai Paramount, studio yenye Star Trek, haki yake, na filamu ya kwanza ya Star Trek, iliyotoka mwaka 1979, hakukubali kuicheza mpaka dai lile lilipomalizwa.

Mimi sura yangu niliikuta Mbagala Rangi Tatu, kwenye kibanda cha dawa za nguvu za kiume. Picha ya lokesheni, kaniki na shanga vilevile, na maandishi mekundu juu ya kichwa. Muuza dawa alifurahi kuniona, akaomba tupige picha ya pamoja! Nilipofuatilia, nikaambiwa picha zote za kazi ile ni mali ya waliotoa hela. Mkataba ulikuwa wa ukurasa mmoja na haukusema lolote kuhusu matangazo, si kwangu wala kwao. Tangu siku hiyo sisaini kabla mstari mmoja haujaongezwa: sura yangu ikitumika nje ya tamthilia, kwanza niulizwe, pili nilipwe. Prodyuza wakinuna, nawaandikia mstari wenyewe kwa kalamu pembeni, tunatia saini zote mbili hapohapo, na nakala yangu naondoka nayo. Mkataba unaoahidiwa kutumwa baadaye kwa WhatsApp mimi nauita stori.

Nakala hiyo itunze. Nimoy alipoomba kuongoza filamu ya tatu ya Star Trek, bosi wa studio, Michael Eisner, alikuwa anaamini kwamba Nimoy anamchukia Spock na kwamba ndiye aliyeweka kwenye mkataba sharti kuwa Spock auawe kwenye filamu ya pili. Ulikuwa uvumi mtupu. Nimoy akamwambia mkataba uko kwenye jengo hilohilo, atume mtu akausome. Akapewa filamu, ikatoka mwaka 1984. Akaongoza na ya nne, kisha mwaka 1987 akaongoza Three Men and a Baby, ambayo Marekani ilizishinda filamu zote za mwaka huo kwa mapato.

Kuhusu kazi za pembeni sitasema mengi, kila mtu anajua atakula nini msimu ukiisha. Yeye alicheza jukwaani, akasimulia vipindi vya televisheni, akaenda chuo kikuu cha UCLA kusoma upigaji picha akiwa tayari maarufu. Mimi nilijifunza kuhariri. Kompyuta ya kuhariri hainiiti mganga.

La pombe linanipa shida kuliandika kwa sababu lokesheni zetu mnazijua. Nimoy alisimulia mwenyewe kwamba ulevi ulimwanza enzi zilezile za Star Trek: kazi ikiisha jioni, glasi, kila siku. Ilimchukua miaka mingi kuacha, tena kwa msaada wa wataalamu. Sigara nazo aliziacha, ila mapafu yalikuwa yameshaharibika, na mwaka 2014 aliwaandikia mashabiki wake mtandaoni kwamba aliacha miaka 30 nyuma na bado alikuwa amechelewa. Alifariki Februari 2015, akiwa na miaka 83. Kwetu chupa ya baada ya kushuti hununuliwa na prodyuza, siku hiyohiyo ambayo posho haijatoka. Mimi huomba posho, naenda nyumbani.

Jambo ninalompendea zaidi Nimoy hata halikuwa kwenye kamera. Kwenye Star Trek alikuwepo Nichelle Nichols, dada mweusi aliyecheza Luteni Uhura, jina ambalo mtu wa huku hahitaji kuelezwa limetoka wapi. Walter Koenig, mwenzao, alisimulia kwamba yeye na George Takei waligundua kuwa wao wanalipwa sawa ila Nichols anapunjwa. Koenig akampelekea Nimoy habari hiyo, kwa kuwa Nimoy ndiye aliyekuwa na uzito. Nimoy akaenda ofisini, malipo yakarekebishwa.

Kwetu malipo ni siri, na siri hiyo inamfaa prodyuza peke yake. Msimu wa pili ukikaribia, kabla hamjaitwa mmojammoja, kaeni mahali mtajiane kila mtu anapewa shilingi ngapi kwa siku, na kama ana nauli. Dada zetu waanze kusema, maana wao ndio hupunjwa zaidi. Kisha mwenye sini nyingi, yule ambaye tamthilia haiwezi kuendelea bila yeye, ndiye atangulie kuingia ofisini.