Jike Anavyomwamsha Dume: Kwa Wanaoanza Kufuga Mbuzi na Kondoo

Karibu kila anayeanza kufuga huku Rongai, Njoro au Molo hutaka kwanza kujua anunue dume wa aina gani. Ni nadra mtu kuuliza dume huyo atalala wapi na ataanza lini kuwaona majike, ilhali kwa maoni yangu hilo ndilo huamua iwapo pesa zake zitarudi.

Mimi mwenyewe nililipuuza. Nilimlea kondoo dume wa Dorper pamoja na madume wenzake tu tangu alipoachishwa kunyonya, nikiamini kwamba namtunzia nguvu. Nilipomwingiza kundini, alisimama karibu na lango siku tatu akila nyasi, huku jike mmoja aliyekuwa katika joto, yaani tayari kupandwa, akimfuata kila alikokwenda, akitikisa mkia na kumsukuma ubavuni kwa kichwa. Nilikuwa tayari nimekubaliana bei na mchinjaji wakati mzee mmoja jirani aliponiomba nisubiri. Alinielekeza nimfungie dume huyo katika kibanda kinachopakana na majike, ili waonane na kunusana kupitia kwenye fito. Katika wiki ya tatu nilimkuta asubuhi akinusa mkojo wa jike, kisha akainua kichwa, akakunja mdomo wa juu hadi ufizi ukaonekana, akatulia hivyo kwa muda kama anayesikiliza jambo. Siku hiyo nilifungua lango, naye akapanda.

Kule kukunja mdomo kuna kazi yake. Juu ya kaakaa la mnyama kuna kiungo kidogo cha kunusia, tofauti na pua ya kawaida, na mdomo unapokunjwa harufu ya mkojo huvutwa hadi hapo. Habari hiyo hufika kwenye ubongo, nao huiamrisha tezi iliyo chini yake kumwaga homoni kwenye damu, na homoni hiyo ndiyo huzichochea korodani kutoa testosteroni, homoni ya kiume. Yote haya hutokea kwa dakika na saa, si kwa miezi. Kwa hiyo kiwango cha testosteroni alichokuwa nacho dume asubuhi akiwa peke yake si kile atakachokuwa nacho jioni baada ya kukutana na jike aliye katika joto. Usimhukumu dume kwa namna alivyosimama mnadani akiwa miongoni mwa madume wenzake.

Katika nchi zilizo mbali na ikweta, urefu wa mchana hubadilika sana kwa majira, na mabadiliko hayo ndiyo huwaambia kondoo na mbuzi kwamba msimu wa kupandana umewadia. Hapa Nakuru, ambapo ikweta inatupitia karibu kabisa, mchana haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, hivyo lishe na uwepo wa jinsia ya pili hubeba uzito mkubwa zaidi. Hilo ni faida kwako, kwa sababu ni mambo mawili unayoweza kuyapanga kwa mikono yako.

Namna ya kuyapanga ni hii. Dume mchanga na akue mahali anapoweza kuwaona na kuwanusa majike, lakini ua uwe imara asije akawapanda mapema. Dume aliyekomaa, kwa upande mwingine, asiachwe kundini mwaka mzima, kwa kuwa jike aliyezoeleka hamwamshi kama jike mgeni. Ukimtenga kwa wiki kadhaa, mbali kiasi cha kutosikika wala kunuswa, kisha ukamrudisha kwa ghafla, pande zote mbili huamka: majike wengi waliokuwa wametulia huanza kupevusha mayai, naye dume huwachangamkia upya. Kwa wafugaji wa mbuzi wa maziwa kuna sababu nyingine ya kumtenga beberu, maana harufu yake, ambayo huongezeka kadiri testosteroni inavyopanda, huweza kuharibu ladha ya maziwa.

Hapa wafugaji wapya wengi hukosea, nami naomba usome polepole. Homoni hupanda kwa saa chache, lakini mbegu haziji kwa haraka hiyo. Kwa kondoo, mbegu huchukua takriban wiki 7 kutengenezwa ndani ya korodani, na kama wiki 2 nyingine kukomaa kabla ya kutoka. Dume aliyekonda au aliyeugua homa mwezi uliopita anaweza kupanda kwa bidii kubwa na bado asitungishe mimba hata moja. Mpe lishe nzuri miezi miwili kabla ya kumwachilia, hasa kwa kuwa akishakuwa na majike hula kidogo na kupungua uzito.

Uwepo wa jike huamsha ukali pia. Madume wawili waliolala pamoja kwa amani wanaweza kuumizana vibaya pindi jike mmoja anapoingia katika joto, na fahali mpole hugeuka hatari karibu na ng'ombe anayehitaji dume. Usimpe mgongo, na usimtume mtoto kumfungua.

Ili ujue kazi inafanyika, mpake dume kifuani rangi iliyochanganywa na mafuta, ukague migongo ya majike kila asubuhi na kuandika namba za waliopakwa. Asiposhika mimba, jike wa kondoo hurudi katika joto baada ya siku 17 hivi, wa mbuzi baada ya siku 21. Badilisha rangi muda huo unapokaribia. Majike wengi wakipakwa rangi ya pili, hamu ya dume ipo lakini huenda mbegu zina kasoro, na hapo mwite daktari wa mifugo azipime korodani kabla hujapoteza msimu mzima.