Usukani wa Impreza WRX ya 2004 hausemi kitu

Ndugu, umesema usukani wako ni mwepesi, hausomi barabara, na fundi anataka ununue reki mpya (chombo chenye meno kinachogeuza matairi ukizungusha usukani). Subiri kwanza. Subaru WRX ya 2004 ina paua ya haidroliki, yaani usukani unasaidiwa na mafuta yenye shinikizo, na mfumo huo ukiwa mzima mkono unahisi hata kokoto.

Anza na matairi: upepo kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, na raba nzuri isiyokakamaa kwa uzee. Kisha ingia chini ya gari huku mwenzako akitikisa usukani kushoto kulia, injini ikiwaka. Tazama reki yenyewe. Ikicheza kwenye vishikio vyake kabla tairi halijageuka, bushi za reki (raba zinazoishikilia) zimekufa, na hapo ndipo hisia zote zinapopotelea. Weka za poliyurethani, plastiki ngumu kuliko raba. Ni kazi ndogo, bei ndogo, na tofauti utaisikia kona ya kwanza. Kagua pia tairodi (fito zinazounganisha reki na matairi) na bushi za nyuma za kontroli armu (mikono ya chini inayoshika tairi).

Mwisho alaimenti, yaani kupanga pembe za matairi. Kasta, mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma, ikiongezwa kidogo usukani unarudi wenyewe, ila kwenye gari hili inahitaji bushi maalumu, maana ya kiwandani hairekebishwi. Rimu zilizochomoza nje ya fenda ziache kabisa: zinavuta usukani tu kila shimo.