Namba za Simu Zisipoteze Sifuri Njiani: Kutoa Data Kwenye Hifadhidata Hadi Excel

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbale aliniandikia: "Kaka, nikitoa orodha ya wateja kwenye hifadhidata ya MySQL, namba za simu zinafika Excel bila sifuri ya mbele. Nifanyeje?" Swali hilo lilinigusa penye kidonda.

SACCO moja ya mpakani Busia ilitaka orodha ya wanachama kwa CSV, faili la maandishi yaliyotenganishwa kwa mikato, nikawapa CSV. Mhasibu akalibofya faili, Excel ikaona 0772 ikachukulia ni hesabu, ikakata sifuri, naye akahifadhi juu ya faili lile lile. Ilipofika siku ya kutuma meseji za mkutano mkuu, hazikwenda. Nikaitwa mbele ya kamati, nikaambiwa nimeharibu data. Niliwafungulia hifadhidata yenyewe, sifuri zote zipo mahali pake. Hakuna aliyetaka kutazama. Nusu ya malipo yangu sijaiona hadi leo, na bado inaniuma.

Ndugu yangu, CSV haibebi aina ya data. Ni maandishi na mikato tu, anayelifungua ndiye anayekisia. Andika .xlsx, faili la Excel lenyewe, moja kwa moja. Kwa lugha ya Python, maktaba ya pandas inatosha: read_sql inavuta data, to_excel inaandika faili kwa msaada wa maktaba nyingine, openpyxl. Safu ya simu kwenye hifadhidata ikiwa VARCHAR (aina ya maandishi), namba itafika kama maandishi, na sifuri yake mbele. Ikiwa INT (aina ya namba za hesabu), sifuri ilipotea tangu siku ya kuingizwa, wala Excel haina hatia.

Tarehe nazo zina mtego. Hifadhidata ya PostgreSQL ikikupa saa zenye kanda ya saa (aina ya timestamptz), to_excel itagoma. Usiikate kanda kiholela! Igeuze kwanza iwe Africa/Kampala, yaani saa za Uganda, ndipo uiondoe. La sivyo, amana iliyotumwa kwa simu saa saba usiku wa Julai 1 itasomeka kwa UTC, saa ya dunia iliyo saa tatu nyuma yetu, kuwa saa nne usiku Juni 30, na kwa anayefunga hesabu Juni huo ni mwaka mwingine wa fedha.

Tena achana na .xls ya zamani. Mwisho wake ni mistari 65,536, wakati .xlsx inafika 1,048,576. Mwaka 2020 Uingereza ilitumia .xls kukusanya matokeo ya vipimo vya korona, na wagonjwa 15,841 wakaachwa nje ya hesabu. Ikiwa serikali tajiri ilinaswa, sisi tuwe macho zaidi, maana kwetu lawama humwangukia fundi.

Mwezi huu nimekabidhi faili la chama cha wakulima wa kahawa huko Elgon, namba zote kamili, na nimelipwa siku ile ile. Najivunia kazi hiyo. Nililinganisha jibu la SELECT COUNT(*), amri ya kuhesabu mistari kwenye hifadhidata, na mistari ya faili, nikaandika hesabu zote mbili kwenye karatasi ya makabidhiano, na mhasibu akatia sahihi kabla sijafunga kompyuta. Nawe usiondoke bila sahihi hiyo.