Rivasi ya injini kwenye simyuleta: anza na sailensi

Wengi wanaoanza kurusha ndege kubwa za abiria kwenye simyuleta ya nyumbani (programu ya kuigiza urushaji wa ndege) hukimbilia kutafuta kitufe cha rivasi (mfumo unaoelekeza msukumo wa injini mbele ili ndege ipunguze mwendo), kumbe ugonjwa uko kwenye sailensi (injini ikizunguka kwa nguvu ya chini kabisa). Mkono wa throtali, yaani wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, ukivutwa hadi mwisho na kompyuta bado ikasoma asilimia 2 badala ya 0, rivasi inaweza kugoma kabisa, kufunguka injini moja tu, au kufunguka na kujifunga papo hapo kama taa yenye waya uliolegea. Weka sifuri sawa kwanza. Rivasi yenyewe ni kazi ya dakika 10 baada ya hapo.

Inafaa kujua kinachoigizwa. Kwenye ndege halisi injini haizunguki kinyume. Kwa Boeing 737-800, ganda la nyuma la injini huteleza kurudi nyuma, vibao vya ndani huziba njia ya hewa ya feni, na hewa hiyo hutokea ubavuni ikielekezwa mbele. Ziko hatua mbili basi: kwanza ganda na vibao hivyo, yaani milango ya rivasi, hufunguka, kisha nguvu inaongezwa. Ndiyo sababu kuna rivasi ya sailensi na rivasi kamili, na ndiyo sababu modeli nzuri ya simyuleta hukuchelewesha sekunde moja au mbili kabla injini haijanguruma. Usidhani kitufe kimekufa ukaanza kukibonyeza tena na tena.

Sasa kitambue kifaa chako. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, chagua kifaa, kisha fungua sifa zake. Vuta mkono taratibu kutoka juu hadi chini kabisa, jicho likiwa kwenye skrini. Utaona mojawapo ya mambo haya. Kwa joystiki ya kawaida yenye kitelezi, mhimili (kipimo kwenye skrini kinachofuata mwendo wa mkono) unafika mwisho na basi. Rivasi utaitafutia kitufe kingine. Kwa kwadranti (sanduku la mikono ya throtali) ya Logitech au Honeycomb Bravo, mhimili unafika mwisho kwenye sailensi, na ukiupitisha mkono chini ya kituo kile (mahali mkono unapokwama kidogo), mhimili unabaki palepale ila taa ya kitufe inawaka. Kwa Thrustmaster TCA ya mtindo wa Airbus, mhimili wenyewe unaendelea kushuka baada ya sailensi ukiinua vikono vidogo vya chini, kwa hiyo rivasi iko ndani ya mhimili. Mbinu ya kundi moja ukiipeleka kwa lingine utapoteza jioni nzima.

Kabla ya kugawa amri yoyote, ondoa zisizotakiwa. Microsoft Flight Simulator hukipa kila kifaa kipya mpangilio wake bila kukuuliza. Ukiwa na kwadranti na joystiki kwa pamoja, kuna uwezekano mkubwa kitelezi cha joystiki nacho kimepewa throtali. Vifaa viwili vikivutana, throtali hurukaruka na rivasi hujifunga. Fungua mpangilio wa kila kifaa, kimoja baada ya kingine, futa throtali mahali usipoitaka. Anayetumia FSUIPC (programu ya nyongeza inayounganisha vifaa na simyuleta) achague upande mmoja: ama mhimili usomwe na FSUIPC, ama na simyuleta yenyewe. Pande zote mbili, hapana.

Kisha nenda kwenye sehemu ya usikivu wa mihimili. Kuna eneo lisilosikia (sehemu ya mwendo wa mkono ambayo kompyuta haiijali) la katikati na kuna la mwishoni. Unalotaka ni la mwishoni. Anza na asilimia 3, panda hadi 5 kama potenshiometa (kisoma mwendo wa mkono ndani ya kifaa) ni chakavu. Eneo la katikati liache kwenye sifuri, maana kwenye throtali kazi yake ni kutengeneza bapa lisiloitika pale nusu ya nguvu, na utakuja kulilaani ukiwa kwenye mstari wa kutua.

Kwa wenye kitufe chini ya mkono, njia inayosumbua kidogo zaidi kwenye Microsoft Flight Simulator ni kukipa amri ya kupunguza throtali, ile ile ya F2 kwenye kibodi. Throtali ikiwa sifuri, F2 ikishikiliwa huendelea kushuka chini ya sifuri, nako ndiko rivasi iliko. Neno kubwa hapo ni ikishikiliwa: kugusa mara moja hakutoshi. Ukigawa kwa kutumia FSUIPC, weka alama ya kurudia amri wakati kitufe kimeshikiliwa. Kitufe hicho kikiachwa kitume F1, inayorudisha throtali kwenye sailensi. F1 haizimi injini, ingawa jina lake kwenye menyu linatisha.

Ipo pia amri ya kugeuza, yaani bonyeza iwake, bonyeza izime. Inavutia kwa urahisi wake lakini ina mtego: simyuleta inakumbuka hali, mkono wako haukumbuki. Ukibonyeza mara mbili kwa bahati mbaya, hujui uko upande gani. Tena rivasi ikiwa imewashwa kwa amri hii, kusukuma mkono mbele kwa kawaida huongeza nguvu ya kurudi nyuma. Mtu anamaliza kutua, anasukuma throtali aondoke njia ya kurukia, ndege inazidi kusimama. Kwenye X-Plane, simyuleta nyingine, amri ya namna hii iko kwenye kitufe cha mkwaju, na kando yake kuna nyingine inayoweka rivasi kamili kwa muda wote kitufe kimeshikwa. Kwa kikono cha rivasi kinachorudi chenyewe, hiyo ya pili ndiyo ya kuchagua.

Wenye TCA wakirusha A320 ya FlyByWire (modeli ya Airbus A320 ya Microsoft Flight Simulator) wana kazi tofauti. Ipe kila injini mhimili wake wa throtali, ule wa kawaida, si ule wa 0 hadi 100, kwa kuwa modeli inataka kusoma kutoka -1 hadi 1. Kisha washa tableti iliyomo ndani ya chumba cha rubani, nenda kwenye kalibresheni ya throtali, na washa chaguo la rivasi kwenye mhimili. Hapo utapitia vituo vyote: rivasi kamili, rivasi ya sailensi, sailensi, kupanda, FLX (nguvu iliyopunguzwa ya kuruka) na TOGA (nguvu kamili). Weka mkono kwenye kituo, chukua thamani, kisha acha nafasi pande zote mbili. Tuseme sailensi inasoma -0.45, mipaka iwe -0.50 na -0.40. Usiibane zaidi ya hapo, kwani mkono uleule ukirudi mara ya pili hausomi namba ileile. Mipaka ya vituo viwili isipandane, na fanya mkono wa kushoto na wa kulia kila mmoja peke yake hata kama unaviona vinafanana.

Jaribu ndege ikiwa imesimama, injini zinazunguka, breki ya maegesho imefungwa. Inua rivasi. Kwenye A320 neno REV litatokea kwenye skrini ya injini kwa rangi ya kaharabu milango ikiwa njiani, kisha kijani ikishafunguka yote. Kwenye 737NG ni hivyohivyo, juu ya N1 (kipimo cha kasi ya feni ya injini). REV ikibaki upande mmoja tu, rudi kwenye sifuri ya mkono wa pili. Ikiwaka na kuzima, mhimili unatuma kelele na kufuta amri yako. Ongeza eneo la mwishoni. Ikiwaka kijani lakini N1 haipandi, milango imefunguka na nguvu haijaombwa, kwa hiyo kitufe kinatuma mguso mmoja badala ya kushikiliwa.

Mkono mmoja kutofika sailensi si jambo la simyuleta pekee. Tarehe 17 Julai 2007, A320 ya TAM, shirika la ndege la Brazil, ilitua uwanja wa Congonhas, São Paulo, mkono wa injini ya kulia ukiwa umebaki kwenye kituo cha kupanda. Spoila za ardhini (vibao vya juu ya mabawa vinavyoinuka ndege ikitua ili uzito ukae kwenye magurudumu) hazikufunguka, breki za otomatiki hazikufanya kazi, na watu 199 walifariki. Modeli nzuri huiga mantiki hiyohiyo ya Airbus. Spoila zako zisipoinuka wakati wa kutua, usizilaumu. Angalia kwanza thamani ya mikono yote miwili.

Jaribio la angani ni muhimu pia. Kwenye ndege halisi kuna vizuizi. 737NG hairuhusu rivasi mpaka iwe chini ya futi 10 kwa rada ya kimo au magurudumu yahisi ardhi, na vikono haviinuki mikono mikubwa ikiwa mbele ya sailensi. Modeli za bure nyingi hazina vizuizi hivyo. Panda futi 5,000, vuta sailensi kama unavyofanya wakati wa kushuka, uone kama mkono unateleza kwenye kitufe cha chini. Ukiteleza, weka sharti la kuwa ardhini kwa FSUIPC, au hamishia rivasi kwenye kitufe cha mbali na kiganja.

Wakati wa kutua, vuta sailensi kabla ya kugusa. Kwenye A320 sauti inayosema "retard" futi 20 inakukumbusha. Magurudumu makuu yakigusa, inua rivasi, shusha pua taratibu. Kwa A320, noti 70 ni wakati wa kurudi rivasi ya sailensi; kwa 737 anza kupunguza noti 60. Chini ya hapo rivasi haina faida kubwa, na hewa ya moto pamoja na kokoto huweza kurudi kumezwa na injini. Ukishainua rivasi umeamua kusimama: hakuna kupaa tena.

Wengine hulalamika kwamba rivasi yao haifanyi kazi kwa sababu umbali wa kusimama haukupungua. Kama umewasha breki za otomatiki, hautapungua sana kwenye lami kavu. Breki hizo hufuata kiwango cha kupunguza mwendo ulichochagua. Rivasi ikisaidia, breki hujilegeza zenyewe. Tofauti iangalie kwenye joto la breki. Uwanja mzuri wa kulinganisha ni Jomo Kenyatta, Nairobi: njia ni zaidi ya mita 4,000, na kimo cha zaidi ya futi 5,300 hukufanya uguse kwa mwendo wa ardhini mkubwa kuliko Mombasa. Tua mara mbili kwa uzito uleule, mara ya pili bila rivasi, usome nyuzi za breki ukiwa umesimama.

Mpangilio huu uhifadhi kwa jina lake. Dash 8 na ATR, ndege za propela, hurudisha nyuma kwa kugeuza pembe ya mapanga, na chini ya sailensi zina eneo la beta (ambako mkono hupanga pembe ya mapanga moja kwa moja) linalotaka mhimili laini, si kitufe. Ukizirusha kwa mpangilio wa A320, propela itaruka kutoka sailensi hadi rivasi kamili kwa kishindo kimoja.