Sasa nyota imekosa nini?

Mhariri, swali lenu la wiki, "Nyota ya asubuhi ni Yesu au ni Lusifa?", limenichokonoa. Nilitaka kujibu kwa mstari mmoja: ni Yesu, Ufunuo 22:16, "ile nyota yenye kung'aa ya asubuhi", kwaherini. Lakini linalonikera mimi ni jingine: nani aliwapa watu ruhusa ya kumtia mtu hofu ya nyota?

Bibi yangu hakuwa na saa. Aliamka kwa nyota ya alfajiri. Alifungua mlango nusu, akachungulia mashariki, akasema, "Keshafika," kama anayemngoja mgeni, ndipo akapiga magoti palepale kizingitini. Siku moja mhubiri mgeni akatangaza kwamba nyota ile ndiye Lusifa mwenyewe, hutangulia jua ili aabudiwe. Kesho yake Bibi hakufungua mlango. Wala keshokutwa. Alisali kitandani, ameupa mlango mgongo, tena akawa anachelewa kuamka, jambo nisilowahi kuliona kwake. Wiki nzima.

Siku ya nane akaniita na Biblia yake, maana mwenyewe hakujua kusoma. "Nisomee hapo aliposema yule." Nikafungua Isaya 14:12: "Jinsi ulivyoanguka kutoka mbinguni, Ewe nyota ya alfajiri, mwana wa asubuhi!" Bibi akaguna. "Anzia juu." Nikapanda hadi mstari wa 4, nabii anapoambiwa atunge mithali juu ya mfalme wa Babeli. "Rudia hapo." Nilirudia mara tatu, kidole chake kimebana karatasi kando ya changu kana kwamba herufi zingetoroka. "Kumbe anasemwa mfalme! Sasa nyota imekosa nini?"

Alfajiri iliyofuata nilisikia komeo.

Ila kadiri ninavyoandika, namwonea huruma kidogo yule mhubiri. Hakulizua. Tangu Origen, karne ya 3, walimu wa Kanisa waliusoma mstari ule kuwa ni habari ya Shetani, yule ambaye Luka 10:18 anaanguka kama umeme. Lakini "lusifa", neno la Isaya 14:12 katika Biblia ya Kilatini, ni "mleta mwanga" tu, na Biblia hiyo inalo neno hilohilo katika 2 Petro 1:19, kwa ile nyota inayozuka mioyoni mwa waamini! Kwenye mkesha wa Pasaka Kilatini huimbwa kwamba lusifa asiyetua aukute mshumaa ukiwaka, na anayeimbwa ni Kristo. Katika litania ya Loreto, sala ya Wakatoliki ya kumwomba Bikira Maria, nyota ya asubuhi ni yeye Maria.

Tena itazameni yenyewe. Ni Zuhura, sayari wala si nyota. Huonekana mashariki kwa miezi kama 8, haipandi ikafika utosini usiku ungali mzito, kisha humezwa na mwanga wa jua na baadaye kuibukia magharibi jioni. Mfalme aliyejitapa "nitapanda" angefananishwa na kitu gani zaidi? Na aliyekesha akingoja kupambazuke angeipenda ipi nyingine?

Basi, kinyume na nilivyoanza: ni wote wawili, inategemea anasemwa nani. Lakini si sare, kwa sababu Yesu alijitaja mwenyewe, na yule mwingine alibandikwa baadaye. Na hata hilo lisihubiriwe ovyo mbele ya wasio na saa. Mtoto wangu nisingemwita Lusifa, hapana, ingawa karne ya 4 alikuwepo Lucifer, askofu wa Cagliari, mkali kwelikweli dhidi ya wafuasi wa Ario, waliokana kwamba Kristo ni Mungu sawa na Baba.