Moto hauondoi kila sumu: kwa wanaoanza kazi ya jikoni Unguja na Pemba

Kijana anayeingia jikoni kwa mara ya kwanza, iwe katika hoteli za Nungwi na Paje, katika mgahawa wa Mji Mkongwe au katika upishi wa harusi kule Wete, huja na imani aliyolelewa nayo nyumbani, kwamba chakula kilichoiva vizuri kimekwisha kuwa salama. Imani hiyo ina ukweli mkubwa, kwa sababu vijidudu vingi vinavyoumiza matumbo hufa joto linapofika nyuzi 70 za Selsiasi hadi katikati ya nyama. Hata hivyo, baadhi ya maradhi yanayotoka jikoni hayana uhusiano na uhaba wa moto. Chanzo chake ni saa zilizotangulia moto au zilizofuata baada yake, na hizo ndizo saa ambazo mwanafunzi mpya haambiwi mengi.

Chukua mfano wa jodari. Yeye, pamoja na vibua na fulusi, ana katika nyama yake kitu kiitwacho histidini, ambacho bakteria wa matumboni na katika matamvua hukigeuza kuwa histamini pale samaki anapokaa katika joto. Histamini ikishapatikana haiondoki kwa kukaanga, kuchoma, kugandisha wala kutia ndimu, na samaki huyo anaweza kuwa hana harufu yoyote ya kutia shaka. Mgeni aliyemla, ndani ya dakika chache au saa moja mbili, hupata uso mwekundu unaowaka, kichwa kikamuuma, moyo ukamwenda mbio na mwili ukamwasha, na aghalabu watu wa mezani husema kwamba ana mzio wa samaki. Wakipatwa wageni wawili au watatu waliokula jodari yule yule, acheni habari ya mzio, ulizeni samaki huyo alikaa wapi tangu alipotoka baharini. Ndiyo maana ukitumwa dikoni usitosheke na kutazama macho na kubonyeza nyama, bali umuulize mvuvi amevua saa ngapi na alikuwa na barafu kiasi gani. Jodari aliyelala ndani ya chombo bila ya barafu tangu alfajiri hadi adhuhuri mwache, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Uliyemnunua mtoe matumbo na matamvua mapema, kisha umfukie katika barafu hadi jikoni.

Zipo pia sumu za baharini ambazo hazitokani na uzembe wa mtu yeyote. Wavuvi wetu wanamjua bunju na wanamwogopa. Kuhusu kasa, hata hivyo, bado watu hubishana, ilhali Novemba 2021 watu 7 walifariki Pemba baada ya kula nyama yake, na Machi 2024, katika Kisiwa Panza, wakafariki watoto 8 na mtu mzima mmoja, huku wengine 78 wakilazwa hospitali. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa, na hakuna mpishi anayeweza kuitambua kwa kuonja. Kasa asiingie jikoni mwako, na mjadala uishie hapo.

Turudi kwenye vyakula vya kila siku, na hasa wali, kwa kuwa pilau na biriani ndizo fahari yetu na hupikwa kwa masufuria makubwa. Ndani ya mchele hukaa mbegu za bakteria zinazostahimili kuchemka. Wali ukiachwa ukapoe polepole ndani ya sufuria lake, mbegu hizo huamka, bakteria huongezeka na hutoa sumu ambayo kupasha moto kesho yake hakuiharibu. Joto la baina ya nyuzi 5 na 60 ndilo wanalolipenda, na hewa ya kwetu wakati wa kaskazi iko humo humo usiku na mchana. Kwa hiyo, kiporo kitandazwe katika sinia pana kwa kina cha vidole vichache, kiingie katika friji kabla hazijapita saa 2, na kilichokwisha kukaa mezani mchana kutwa kitupwe bila ya kuombewa. Umeme ukikatika, andika saa uliyokatika: friji isiyofunguliwa hulinda ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi, na baada ya hapo unabahatisha.

Mikono ina hatari ya namna hiyo hiyo, kwani kidonda cha kidole chenye usaha hutia katika chakula bakteria ambao nao huacha sumu inayostahimili moto. Kamba waliochemshwa kisha wakamenywa kwa mkono, wakangoja saladi, ni njia nzuri ya bakteria hao. Funga kidonda na uvae glavu. Na ukiwa unaharisha au kutapika usiingie kazini mpaka zipite saa 48 tangu dalili zikome. Mwenye jiko anayemkata mshahara mfanyakazi aliyekaa nyumbani kwa sababu hiyo anajinunulia msiba mwenyewe. Suala la kutenganisha ubao wa kuku mbichi na ubao wa kachumbari naamini mmeshafundishwa.

Mgeni akiugua, usikimbilie kulaumu alichokula mwisho. Sumu ya wali au ya kidonda humtapisha mtu baada ya saa chache, lakini salmonela kwa kawaida huchukua baina ya saa 6 na siku 3, kipindupindu huweza kuchukua hadi siku 5, na homa ya ini aina ya A hungoja wiki kadhaa. Uliza milo ya siku zilizopita, andika nani alikula nini na saa ngapi, na kabla ya kila bufee weka kipande cha kila chakula katika chombo safi chenye tarehe, ukihifadhi ndani ya friji kwa siku 3, ili akija bwana afya apate cha kupima badala ya kusikiliza hadithi za wapishi.